Marehemu Analipa Ada ya Ukaguzi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mkaguzi wa maziwa anashuka garini, anafunga vifungo vya koti lake jeupe mpaka shingoni, na kuusogelea mlango wa bati uliopakwa rangi ya kijani. Kwenye komeo kuna waya mwembamba, na kwenye waya kuna lakiri ya risasi yenye namba ya ofisi yake. Anaigeuza kwa vidole viwili. Haijaguswa. Ni yeye mwenyewe aliyeifunga, miezi mitatu iliyopita.

Anatulia kusikiliza. Ndani ya jengo hilo lililofungwa, mtu anasugua chuma. Sauti inapanda, inashuka, inakatika. Kisha maji yanamwagwa.

Nyuma yake, dereva amepandisha vioo vyote vya gari na hajazima injini.

“Tangulia tu, mama,” anasema kupitia upenyo wa kidole kimoja. “Mimi niliajiriwa kuendesha.”

Mkaguzi anatabasamu. Mwaka jana sauti hiyohiyo ilimrudisha garini mbio, mabuti ya mpira yakimchapa miguuni, na ilimchukua robo saa nzima kupata ujasiri wa kushuka tena. Leo anakata waya kwa koleo, anausukuma mlango na kuingia.

Wafugaji humwita Mama Kipimo. Ana umri wa miaka hamsini na saba, na ishirini na tisa kati ya hiyo ameitumia kupima maziwa ya watu wengine. Huyanusa, huchovya kipimo kuona kama yametiwa maji, hutia kipimajoto, kisha hugeukia sakafu, mifuniko na kucha za wafanyakazi. Hana utani kazini. Mwenye kituo mmoja aliwahi kumwambia kwamba akimwona getini hata paka wake hujilamba upya.

Kazi hiyo inagharamiwa na ada ya ukaguzi, ambayo kila kituo huilipa serikalini mwanzoni mwa kila robo mwaka. Ada ikiingia benki, mashine ya ofisini hutoa karatasi yenye namba ya kituo, na mkaguzi hana budi kwenda. Isipoingia kwa robo mbili mfululizo anakwenda vilevile, lakini safari hiyo anabeba waya na lakiri.

Miaka mitatu iliyopita ada ilipandishwa. Awali ilikuwa sawa na bei ya lita mia moja za maziwa. Ikawa sawa na lita mia tatu. Kiwanda kikubwa chenye matangi marefu kama nyumba kinalipa kiasi hicho, na kituo cha mtu mmoja mwenye chumba kimoja cha baridi kinalipa kiasi hichohicho.

“Nilipoanza nilikuwa na vituo sitini na vitatu,” anasema Mama Kipimo. “Leo ninavyo arobaini na kimoja. Katika hivyo vilivyofungwa, kumi na saba nilivifunga kwa ajili ya ada. Maziwa yao hayakuwa na kosa lolote.”

Kisha anaongeza, “Cha Mwalimu ni kimojawapo.”

Mwalimu, kama alivyojulikana na kila mtu, alifundisha shule ya msingi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu na kujenga kituo hiki chenye mlango wa kijani. Wafugaji thelathini na wanne walimletea maziwa. Alikuwa mgane, amefiwa na mkewe, na mwanawe wa pekee, binti, alikuwa mbali akishona sare za shule. Kwa miaka kumi na minne daftari la kituo lilijazwa kwa mkono wake tu, mwandiko wa ubaoni, ulionyooka, saba imefungwa mkanda kiunoni, herufi j ina mkia uliorudi nyuma kama ndoana.

Mama Kipimo anaikumbuka vizuri siku aliyokwenda kukifunga.

“Alinikuta mlangoni na waya mkononi. Hakubishana. Aliniambia, ‘Mama, nipime kwanza.’ Nikamwambia sikuja kupima. Akasema, ‘Najua. Lakini nipime.’”

Akampima. Lita mia mbili na kumi, nyuzi nne za joto, hakuna maji, hakuna harufu. Mwalimu aliyaandika yote hayo daftarini, akapuliza wino ukauke, akalifunga daftari na kulilaza mezani. Kisha akamwambia, “Haya, sasa funga.”

Baada ya hapo wafugaji walitawanyika. Wengine waliuza ng’ombe. Mwalimu alikuwa akija kila asubuhi, anakaa kwenye ngazi mbele ya mlango uliofungwa mpaka jua likolee, kisha anarudi kwake. Alifanya hivyo miezi mitano. Asubuhi moja hakuja, na majirani walipokwenda kumwangalia walimkuta amelala kitandani kama aliyesinzia. Madaktari walisema ni moyo.

“Nilikwenda mazikoni,” anasema mkaguzi. “Sikujua nisimame wapi. Nilisimama nyuma kabisa, karibu na waliokuja na majembe.”

Majuma sita baada ya mazishi, mhasibu wa ofisi yao, mtu asiyependa maneno mengi, aliingia chumbani kwake na kuweka risiti mezani. Malimbikizo ya robo nne, na ada ya robo iliyoanza juzi yake. Yote yamelipwa taslimu benki, na kwenye nafasi ya mlipaji lipo jina la Mwalimu.

“Marehemu amelipa,” mhasibu alisema, akatoka.

Mama Kipimo alikwenda kwa mkuu wake wa kazi akidhani ni makosa ya benki. Mkuu aliisoma risiti, akageukia mashine, akabonyeza.

“Karatasi imetoka. Nenda ukakague.”

“Nikakague nini, bosi? Kituo kimefungwa, mwenyewe kafariki.”

“Mfumo haujui habari za marehemu. Mfumo unajua namba ya kituo. Usipokwenda, ni wewe utakayejieleza.”

Akaenda. Lakiri ilikuwa nzima, na vumbi la miezi limeganda juu yake. Akaikata, akafungua mlango akitarajia popo na utando wa buibui.

Sakafu ilikuwa mbichi. Ilikuwa imefagiliwa na kumwagiwa maji muda si mrefu, na maji yalikuwa bado yanatiririka taratibu kuelekea mferejini. Keni za alumini, zile za kubebea maziwa, zilipangwa kwenye rafu zimepinduliwa, na kila moja ilikuwa ikidondosha tone kutoka mdomoni. Hakukuwa na harufu ya kufungiwa. Kulikuwa na harufu ya sabuni.

Mezani daftari lilikuwa wazi. Aliusogelea ukurasa, akaona tarehe ya siku hiyo. Lita sifuri. Joto nne. Hali nzuri. Saba ina mkanda. Herufi j ina mkia uliorudi nyuma.

“Sikufunga daftari,” anasema. “Nilifungua kurasa za nyuma. Kila siku ilikuwa imeandikwa. Siku aliyofariki imeandikwa. Siku tuliyomzika imeandikwa. Sikuona hata siku moja iliyorukwa.”

Aliita, “Hodi.” Hakuna aliyejibu. Alizunguka jengo zima nje. Madirisha yana nondo, sehemu ya kupokelea maziwa ina lakiri yake, nayo ilikuwa nzima. Akarudi, akajaza fomu. Penye “maziwa” aliandika hakuna. Penye “usafi” alisita sana, mwishowe akaandika ukweli: bora kabisa. Akafunga mlango kwa lakiri mpya na kuondoka.

Robo iliyofuata ada iliingia tena, siku ya kwanza, taslimu. Ndiyo safari aliyosikia chuma kikisuguliwa na kukimbilia garini. Aliporudi na kufungua, hapakuwa na mtu. Brashi ilikuwa imelazwa juu ya keni, nywele zake zikiwa bado zimelowa.

Habari hazikukaa ofisini. Wenzake walianza kumpisha njia kwenye korido. Mmoja alimwomba asimwekee faili la kituo hicho mezani kwake. Nyumbani, mumewe, fundi wa redio ambaye haamini kitu asichoweza kukifungua kwa bisibisi, alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, “Kama analipa na ni msafi, shida yako ni nini?”

“Shida yangu,” alimjibu, “ni kwamba ni mimi niliyemfungia.”

Safari ya tatu ndiyo ambayo mpaka leo huisimulia kwa kusitasita. Umeme wa kituo ulikuwa umekatwa zaidi ya mwaka. Aliingia chumba cha baridi, giza totoro, mashine imekufa ganzi, akatoa kipimajoto chake kwa mazoea tu na kukining’iniza kwenye msumari. Nje lilikuwa jua la saa saba. Baada ya dakika tano alikitazama kwa mwanga wa simu.

Kilisoma nyuzi nne.

Hakuandika. Alikipeleka kipimajoto maabara kikahakikiwe, na kikarudi na cheti kwamba hakina hitilafu. Fundi wa maabara alimuuliza kama anapumzika vya kutosha.

“Wewe andika kwamba sijui,” anamwambia mwandishi wa makala haya. “Mengine yote nitakueleza yalivyokuwa. Hilo sijui.”

Robo ya nne ilipokaribia alipiga moyo konde. Hakungoja karatasi wala gari la ofisi. Siku ya kwanza ya robo, alfajiri, alikwenda peke yake kwa miguu, na safari hii hakuuendea mlango wa kijani. Alizunguka nyuma na kujibanza kando ya rundo la kuni kuukuu.

Kulipopambazuka aliona kitu ambacho kwa miaka kumi na minne hakuwahi kukiona. Chini ya ukuta, mahali ambapo zamani majivu ya jiko la kuchemshia maji yalitolewa, kulikuwa na mlango mdogo wa bati, haufiki kiunoni, uliofichwa na kuni hizo. Kwa ndani ulikuwa unazibwa na rafu ya keni. Ulikuwa wazi.

Alipiga magoti akaingia. Alipoinua kichwa, mbele yake alisimama mtu aliyempa mgongo, amevaa koti jeupe la Mwalimu, lile lenye kiraka cha bluu begani. Mtu huyo alikuwa ameinama mezani. Kalamu ilikuwa inakwenda.

“Nilisikia ikikwaruza karatasi,” anasema. “Nilibaki palepale nilipopiga magoti.”

Kalamu ikasimama. Mtu yule akapuliza wino, akageuka. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sitini na kitu, mikono imechubuka kwa magadi na maji ya moto. Alimwangalia mkaguzi aliyepiga magoti sakafuni kama vile alikuwa akimtarajia, ila si kwa saa hiyo.

“Umewahi, mkaguzi,” alisema. “Benki haijafunguliwa.”

Alikuwa mwosha keni wa kituo. Wafugaji walimwita Mama Keni. Kwa miaka kumi na minne Mama Kipimo alikuwa akimpita akiwa ameinama kwenye karo la kuoshea keni, akikagua kucha zake bila kumtazama usoni.

“Dada, ni wewe unayeandika?” aliuliza akiinuka.

“Ni mimi.”

“Mbona mwandiko ni wa Mwalimu?”

“Mimi sina mwandiko mwingine,” Mama Keni alimjibu. “Nilikuja hapa sijui hata kusaini mshahara. Mwalimu akaniambia, ‘Ni aibu, nimefundisha watoto wa watu maisha yangu yote, halafu nikae na wewe hivi?’ Kila tukimaliza kuosha ananipa daftari la zamani, ninanakili. Mstari wake, mstari wangu. Sikupata kwingine pa kuangalia.”

“Na hiyo joto nne?”

“Ndivyo inavyoandikwa siku zote.”

Walikaa juu ya keni mbili zilizopinduliwa, wakaongea mpaka jua likaingia kwa mlango wa majivu. Mama Keni alieleza kwamba Mwalimu, katika miezi yake ya kukaa ngazini, alimwonyesha kanuni. Kituo kisicholipiwa robo nane jina lake linafutwa kwenye kitabu cha serikali. Likifutwa, anayetaka kufungua tena lazima ajenge upya kwa vipimo vipya, na vipimo hivyo hakuna mtu wa huku anayeviweza. Mwalimu alikuwa akitafuta hela. Mauti yakamkuta katikati.

“Wewe ulizitoa wapi?” mkaguzi aliuliza.

“Malimbikizo niliuza mtamba wangu, nikaandika jina la Mwalimu kwa kuwa kituo ni chake. Hizi nyingine ananilipia ng’ombe. Anatoa lita sita. Siku hamsini za kila robo anaifanyia kazi serikali, arobaini ananifanyia mimi.”

“Unayauza wapi hayo maziwa?”

“Nyumba kwa nyumba.”

“Hilo usiniambie, dada. Mimi ni mkaguzi.”

Hapo ndipo walipocheka, kwa mara ya kwanza, na kicheko kiligonga kuta za chumba kitupu na kuwarudia kwa namna ambayo wote wawili waliacha kucheka pamoja.

“Na kwa nini ulikuwa unajificha nikija?”

“Jengo lina lakiri ya serikali. Nikionekana ndani nitafungwa. Nikisikia gari natokea mlango wa majivu, navuta rafu nyuma yangu.” Akautazama mlango wa kijani. “Nilikuwa nangoja useme kitu. Safari zote tatu umeona ada imelipwa, umeona pasafi. Nikasema leo atang’oa hiyo lakiri. Unafunga tena unaondoka.”

Mama Kipimo anasema maneno hayo yalimchoma kuliko hofu yote aliyowahi kuipata pale. Kilichofunga kituo ni ada, na ada ilikuwa imelipwa. Mara tatu alikuwa amesaini fomu ya usafi bora kabisa na mara tatu akapiga lakiri mpya, kwa sababu alikuwa ana haraka ya kutoka.

“Nilimwogopa mtu aliyekufa, nikashindwa kusoma karatasi yangu mwenyewe,” anasema.

Ofisini mkuu wake hakuwa na kipingamizi, ila maombi ya kufungua yalipaswa kuletwa na mmiliki au mrithi. Mkaguzi alimpigia simu binti wa Mwalimu. Binti alikata mara mbili. Mara ya tatu alisema hataki hata kuliona jengo hilo, kwamba ndilo lililomuua baba yake, na kwamba anajua ni nani aliyelifunga.

“Ni kweli,” Mama Kipimo alimwambia. “Ni mimi. Njoo mara moja tu, kisha usije tena ukipenda.”

Alikuja Jumamosi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, futi ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni. Aliingizwa kwa mlango wa majivu, akasimama mezani, akafungua daftari. Akageuza ukurasa, na mwingine, na mwingine. Alipofika kwenye tarehe za baada ya mazishi alisimamisha kidole.

“Nani ameandika hapa?”

“Ni mimi, mwanangu,” Mama Keni alisema kutoka kwenye karo.

Binti alimgeukia. Kisha akachukua kalamu, akamnyooshea. “Shangazi, niandikie jina langu.”

Mama Keni alikausha mikono kwenye koti, akaandika polepole, kwenye karatasi ya mwisho ya daftari, jina ambalo hajawahi kuliandika. Binti aliikata karatasi ile, akaishika kwa mikono miwili. Baba yake ndiye aliyekuwa akimwandikia jina kwenye madaftari yake yote ya shule. Hakulia. Aliikunja, akaiweka ndani ya blauzi, akauliza pa kusaini.

Ndiyo sababu leo asubuhi lakiri imekatwa na haifungwi nyingine. Mama Kipimo anatembea kituoni na fomu yake, anapangusa mifuniko kwa kidole, anainama kuangalia mfereji. Umeme umerudishwa juzi, na chumba cha baridi kinanguruma. Anaingia humo na kipimajoto, na safari hii anauacha mlango wazi nyuma yake. Anatoka, anaandika namba, hasemi ni ngapi.

Wafugaji kumi na mmoja kati ya thelathini na wanne wamekubali kurudi. Maziwa ya kwanza yanatarajiwa Jumatatu. Ada imebaki palepale, lita mia tatu, ila sasa inagawanywa kwa watu kumi na mmoja na ng’ombe wa Mama Keni amepewa nafuu. Mkaguzi ameandika barua tatu kwa wakubwa akiomba kila kituo kilipe kwa kadiri ya lita zinazopita ndani yake. Mbili hazikujibiwa. Ya tatu imejibiwa kwamba ipo kwenye kamati, na anakusudia kuandika ya nne mwezi ujao, na ya tano ikibidi.

Amebakiza miaka mitatu kustaafu. Kwa miaka yote ya kazi hajawahi kununua hata nusu lita kwenye kituo anachokikagua, asije akaambiwa amependelea. Mumewe hununua dukani maziwa ya pakiti.

“Siku nitakayokabidhi koti hili,” anasema akikunja fomu, “kesho yake alfajiri nitakuja hapa na ndoo yangu, nipange foleni kama watu wengine.”

Mama Keni, aliyeinama kwenye karo, hageuki.

“Njoo nayo,” anasema. “Lakini nitaikagua kwanza. Ikiwa chafu nakurudisha.”